Chira, muri au khoi: ukiingia dukani uchukue ipi?

Ukiingia duka la Wabangladeshi hapa Ruwi, Muscat, kwenye rafu ya nyuma utakuta mifuko mitatu imekaa pamoja. Yote ni ya mpunga, yote ni myeupe myeupe, na bei zake hazipishani sana. Wa kwanza una vipande bapa mithili ya magamba ya samaki. Wa pili una punje zilizovimba, ukiuminya unachakacha. Wa tatu una kitu kama bisi zilizochanika. Ni chira, muri na khoi. Huko Kolkata na Bengal Magharibi, upande wa India, ile ya kwanza wanaiita chire, lakini ni kitu kimoja.

Mimi nilibeba ule wa kwanza kwa sababu ulinikumbusha pepeta za kwetu Pemba. Nikafika nyumbani nikauinjika jikoni kama uji wa shayiri. Baada ya dakika tano sufuria ilikuwa imejaa gundi. Mwiko ulisimama wenyewe. Jirani yangu, mama wa Noakhali huko Bangladesh, nilipomsimulia alishika mdomo asicheke mbele yangu. Kwa Kiarabu chetu cha sokoni akaniambia, "Apa, chira haipikwi. Imeshapikwa." Apa ni dada, ndivyo Waislamu wa Bangladesh wanavyoitana.

Hapo ndipo nilipoanza kuzielewa. Zote tatu zimeshaonja moto kabla hazijafika dukani, kwa hiyo usijiulize utazipika vipi. Jiulize utazilowanisha kwa nini. Chira inataka maji, mtindi au maziwa. Muri inataka mafuta, tena papo kwa hapo. Khoi inataka sukari guru iliyoyeyushwa. Ukizibadilishia unaharibu, na mwaka mzima nimeharibu za kutosha.

Zinavyoanza ndivyo zinavyokwenda

Chira huanza na mpunga wenye maganda yake. Unarowekwa mpaka punje ilainike ndani, unachujwa, unakaangwa kwenye chombo cha moto mpaka baadhi ya punje zianze kupasuka, kisha unatwangwa hapo hapo ungali na moto. Ukiuacha upoe kidogo tu, badala ya kubapa unavunjika ukawa chenga. Ndiyo maana kutengeneza chira si kazi ya mtu mmoja. Lazima awepo wa kukaanga na wawepo wa kutwanga, na asiwepo wa kupiga soga katikati.

Kwa karne nyingi wa kutwanga walikuwa wanawake, na chombo chao kilikuwa dhenki. Dhenki ni gogo refu lililokaa juu ya egemeo kama pembea ya watoto. Mwisho mmoja una mchi wa mti ulioelekea chini, na chini yake kuna shimo lililosakafiwa, ndiyo kinu. Wanawake wawili husimama mwisho wa pili, hukanyaga kwa mguu mmoja, gogo huinuka, wakiachia mchi hushuka kwa kishindo. Wa tatu huchutama mbele ya shimo, na kila mchi unapopanda huingiza mkono, akageuza mpunga, akautoa kabla haujashuka. Kitambo alichonacho ni cha kuvuta pumzi moja. Ukikosea mahadhi, vidole vimekwenda. Nyimbo za kazi hiyo zilikuwepo nyingi, na mtu akiziona za burudani tu hajawahi kuuweka mkono wake pale.

Wabengali wana methali kwamba dhenki hata ikienda peponi itatwanga mpunga tu. Methali imebaki, dhenki zenyewe zimepungua. Vinu vya mashine vilipoenea vijijini Bangladesh, hasa miaka ya 1970 na 1980, wanawake maskini na wajane wengi waliokuwa wakitwanga kwa ujira walipoteza riziki waliyokuwa wakiipata bila ya kutoka kijijini. Chira nyingi dukani leo ni za mashine: nyeupe, nyembamba, kila kipande sawa na mwenzake. Ya dhenki ukibahatika kuiona utaijua kwa kingo zilizochakaa, wekundu wa pumba ulioachwa, na unene usiolingana. Kwa kutafuna, ya dhenki ni tamu zaidi. Kwa kuandaa haraka kabla ya kazi, ya mashine haikuhangaishi.

Muri haianzi na mpunga, inaanza na mchele, tena wa mpunga uliochemshwa na maganda yake ukakaushwa, ndipo ukakobolewa. Mchele huo hutiwa maji ya chumvi, ukapashwa moto polepole, halafu ukamwagwa juu ya mchanga wa moto mkali na kukorogwa kwa kifungu cha vijiti kama chelewa. Ndani ya sekunde chache punje zinavimba zote kwa pamoja. Zinachekechwa, mchanga unarudi jikoni, muri inakwenda kwenye debe.

Khoi ni mpunga mkavu na maganda yake, haurowekwi wala hautwangwi. Unatupwa kwenye mchanga wa moto, unapasuka, ganda linaachana na ua jeupe la ndani. Ni bisi za mpunga. Kazi kubwa inakuja baadaye, kuyaokota maganda moja moja, maana ganda la mpunga likikwama kooni utalikumbuka siku mbili.

Na pepeta je?

Swali hili msomaji wa pwani atauliza tu, na mimi nilimpigia simu mama yangu nikamuuliza.

"Shikamoo mama. Hawa watu wana pepeta."

"Marahaba mwanangu. Za mpunga gani?"

"Wa kawaida, uliokauka. Wanauroweka kwanza."

"Basi si pepeta hiyo. Pepeta ni ya mpunga mchanga."

Na amesema kweli. Pepeta yetu hukatwa mpunga ungali mchanga, punje ingali na unyevu wake wa shambani. Unakaangwa, unatwangwa kinuni, unapepetwa kwenye ungo, na jina la chakula ni lile lile la kazi ya ungo. Mbengali husubiri mpunga ukomae na kukauka, ndipo anaurudishia maji. Kwa hiyo pepeta ni chakula cha msimu, cha siku chache kabla ya mavuno, na ina harufu ya ubichi ambayo chira haina. Chira ni ya mwaka mzima, na ilikusudiwa kukaa ghalani. Ukiwa na uwezo wa kupata pepeta mbichi na nazi iliyokunwa, usihangaike na mfuko wowote wa dukani. Kwa miezi mingine yote chira ndiyo ndugu yake wa karibu.

Chira: ya safari, ya wageni na ya mafuriko

Urithi wa chira ni mzito kuliko wa wenzake, nami sifichi kwamba ndiyo ninayoipendelea.

Hadithi inayojulikana India nzima ni ya Sudama, maskini aliyekwenda Dwarka kumtembelea rafiki yake wa utotoni, Krishna, mungu wa Wahindu, ambaye sasa alikuwa mfalme. Zawadi pekee aliyoweza kupata ni konzi chache za chira, zimefungwa kwenye kitambaa kuukuu, na alipoiona ile kasri aliona haya kuzitoa. Krishna ndiye aliyemnyang'anya akazila kwa furaha. Katika Bengal kwenyewe kuna jambo lililotokea Panihati, mji ulio ukingoni mwa mto Hooghly kaskazini mwa Kolkata, mwanzoni mwa karne ya 16. Kijana wa familia ya kitajiri, Raghunath Das, alimwendea Nityananda, sahibu wa Chaitanya, mtawa mashuhuri aliyeeneza ibada ya Krishna, akiomba baraka. Nityananda akamwambia atamwadhibu: awalishe waumini wote waliokuwepo chira na mtindi. Kila mtu akapewa vyungu viwili vya udongo, kimoja cha chira iliyochanganywa na mtindi, sukari na ndizi, kingine cha chira iliyorowekwa kwenye maziwa mazito. Mpaka leo, kila mwaka katika mwezi wa Jyaistha, kati ya Mei na Juni, watu hufurika Panihati kwa Danda Mahotsav, yaani sikukuu ya adhabu. Adhabu za namna hiyo wengine tungeziomba.

Kwa nini chira na si wali? Sababu mojawapo ni mila za tabaka. Wali uliochemshwa ulikuwa na masharti makali ya nani ampikie nani, na Brahmin, mtu wa tabaka la juu la makuhani, hakuweza kuula nyumbani kwa kila mtu. Chira iliyolowanishwa kwa mtindi haikuhesabiwa kuwa wali. Ndivyo ilivyozaliwa karamu inayoitwa phalar, ya chira, khoi, mtindi, ndizi na vitu vitamu, ambayo mwenye nyumba aliweza kumwandalia mgeni yeyote bila ya kumtia matatani.

Katika karne ya 19 Wabengali walikuwa wakizipanga karamu hizo kwa madaraja, na daraja hizo ni mwongozo mzuri wa kununulia hata leo. Ya wastani ilikuwa na chira nyembamba, mtindi mzito uliokatika, ndizi nzuri na khoi safi. Ya chini kabisa ilikuwa na chira yenye harufu ya uvundo, mtindi wa maji, sukari guru chungu na khoi isiyotolewa maganda. Kwa hiyo fungua mfuko unuse. Chira njema inanuka kama mchele uliokaangwa. Ikinuka gunia lililolowa, irudishe. Nimewahi kuuziwa ya namna hiyo kwenye duka moja, na muuzaji alikula yamini kwamba ndiyo harufu yake ya asili. Si kweli.

Upande wa Waislamu, ambao ndio wengi Bangladesh, chira ina nafasi yake kwenye futari: imelowanishwa, ikachanganywa na mtindi, ndizi na sukari guru, ikawekwa mahali pa baridi mpaka adhana. Baada ya siku ndefu ya joto inateremka taratibu, haikujazi gesi. Vile vile ndiyo chakula cha mgonjwa wa tumbo. Wazee huiroweka, wakaiponda, wakampa mtu anywe maji yake.

Halafu kuna mafuriko. Bangladesh imekaa kwenye delta, na katika mafuriko makubwa kama ya 1988 na 1998 zaidi ya nusu ya nchi ilikuwa chini ya maji. Kuni zimelowa, meko yamezama, mchele unao lakini huwezi kuupika. Hapo ndipo vinagawiwa vyakula vikavu, na vya mbele ni chira, muri na sukari guru. Chira inashinda kwa sababu mfuko mdogo unashibisha watu wengi, na inahitaji maji safi tu. Muri ya kumshibisha mtu mmoja inajaza nusu ya mtumbwi.

Lugha yao nayo imeloa chira. Mtu aliyebanwa ndani ya basi wanasema amebapa kama chira, na abiria yeyote wa daladala saa kumi na moja jioni anaelewa. Anayeahidi bila ya kutenda wanamwambia kwamba kwa maneno chira hailowi. Lete maji, au lete mtindi.

Muri: ya jioni na ya barabarani

Muri haina makuu. Ni chakula cha kila siku, hasa magharibi mwa Bengal, wilaya kama Bankura, Birbhum na Medinipur, ambako wapo watu wasioihesabu asubuhi kuwa asubuhi bila ya bakuli la muri. Pale Kenjakura, Bankura, kila Januari watu hukusanyika kwenye mchanga wa mto Dwarakeswar kula muri tu, kila familia na mchanganyiko wake.

Lakini sifa yake kubwa ni jhalmuri. Muuzaji ana kopo la bati. Anatia muri, kitunguu maji, pilipili mbichi, viazi vilivyochemshwa, karanga, vipande vyembamba vya nazi, halafu mafuta ya haradali yanayopanda puani, anatikisa kopo kwa kijiko kama anayepiga ngoma, anakumiminia kwenye karatasi iliyosokotwa pembe. Una dakika tano za kula. Ikipita hapo muri inanywea, na muri iliyonywea haina mwenyewe. Ramadhani nchini Bangladesh huchanganywa na dengu nyeusi zilizokaangwa na bajia za kitunguu kwenye sinia moja, mikono yote inaingia.

Tahadhari moja: usivutiwe na muri nyeupe pee iliyovimba kupita kiasi. Malalamiko ya muri iliyotiwa mbolea ya urea ili ing'ae yamekuwa yakijirudia Bangladesh, hasa Ramadhani inapokaribia. Chagua yenye rangi ya maziwa ya chai, punje zisizolingana sana, zenye mistari ya kahawia. Ya kienyeji huwa hivyo.

Khoi: ukiwa na sababu

Khoi usinunue kwa kujaribu tu. Kwa Wahindu wa Bengal ni kitu cha ibada: bibi harusi huitupa kwenye moto wa ndoa, na hurushwa njiani maiti anapopelekwa kuchomwa. Nyumbani hupakwa sukari guru ikawa murki. Heshima yake ya juu kabisa ni moa ya Jaynagar, kusini mwa Kolkata: khoi ya mpunga wenye harufu uitwao Kanakchur, ikafinyangwa mabonge kwa nolen gur, sukari guru ya maji ya mtende ya majira ya baridi. Moa hiyo ilipata ulinzi wa kisheria wa jina la mahali 2015, na haikuzuia bandia. Mgema kule hupanda mtende jioni, huteremsha chungu kabla ya jua, na maji hayo yasipochemshwa mapema huchacha. Mavuno ni machache, wanunuzi ni wengi, kwa hiyo sukari ya kawaida huingizwa humo. Mgema wa Bengal naye akisifiwa hulitia maji. Hapa Muscat moa nzuri sijaipata, na mfuko wa khoi nilionunua uliishia kwa kuku wa jirani.

Basi uchukue ipi

Kama ni kwa chai ya asubuhi au kwa futari, chukua chira, na uangalie unene. Nyembamba ni ya mtindi na maziwa: imwagie maji, ichuje hapo hapo, usiiache hata dakika moja, maana itakuwa ile gundi yangu. Nene ni ya chirer polao, yaani pilau ya chira, na hiyo ndiyo inayopita jikoni kidogo. Ioshe mara mbili kwenye chujio, iache itone dakika 10, halafu chukua kipande kimoja ukibane kwa kidole gumba na cha shahada. Kikibonyea chote bila ya kiini kigumu, iko tayari. Kikiponyoka kizima, nyunyiza maji kidogo usubiri. Itie chumvi, sukari kijiko kimoja na manjano kidogo. Kwenye kikaango uwe umeshaweka viazi vilivyokatwa vidogo vidogo, karanga, njegere, kitunguu na pilipili mbichi. Chira inaingia mwisho, inageuzwa taratibu dakika tatu, ndimu juu. Inatoka kavu, kila kipande peke yake. Chira nyekundu, ya mpunga mwekundu, ifanye hivyo hivyo lakini uipe muda zaidi.

Kama ni ya kutafuna jioni na watoto wanasubiri, muri. Kwa anayepunguza kula, muri inadanganya macho vizuri: kikombe kizima hakifiki gramu 20, wakati kikombe cha chira kina uzito wa mara kadhaa. Lakini gramu kwa gramu zote ni mpunga, na mwenye sukari asiambiwe na mtu yeyote kwamba moja ni dawa.

Ya safari, ya mwanafunzi wa bweni, ya nyumba ambayo umeme unakatika: chira, bila ya kufikiri. Kwenye kopo la kubana inakaa miezi. Muri kwa hewa ya pwani, ya Mombasa au ya hapa, inalegea siku ile ile uliyofungua mfuko. Ukiipitisha kwenye kikaango kikavu moto mdogo inarudi, ila si kama mwanzo.

Mwezi uliopita mgeni alitoka Pemba na mfuko wa pepeta. Nikampelekea jirani yangu bakuli, na kando yake bakuli la chira yake mwenyewe. Alitafuna kwanza bila ya kulowanisha, akanusa mkono. "Mmekata mapema," akasema. Akamwagia zote mbili maji kidogo, akasubiri, akazibana kwa vidole. Chira ilikuwa imelainika, pepeta ilikuwa bado inashindana. Aliniuliza sisi tunaila na nini. Nikamwambia nazi na sukari. Akacheka, maana kwao pia usiku wa mbalamwezi majirani zake Wahindu walikuwa wakila chira na nazi kwa ajili ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema, na yeye mtoto alikuwa akipelekewa sahani ukutani. Bakuli la pepeta hakulirudisha.